Kunata, Kugandia, Kukwama: Kitenzi Kabla ya Mpako

Kwenye karatasi za bei za vyombo na mashine zinazouzwa Goma na Bukavu, neno la Kifaransa antiadhésif halikosekani. Limeandikwa kwenye sufuria kubwa za kuchemshia maziwa, kwenye makopo ya kuokea mikate, hata kwenye mabati ya ndani ya mashini za kusaga. Mwanafunzi wa tafsiri akipewa karatasi ya namna hiyo huandika "isiyonata", akahamia mstari unaofuata. Kwa sarufi hajakosea. Lakini mwenye kununua chombo kwa kutegemea neno hilo anaweza kukosea sana, na fedha yake haitarudi.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza namna mipako inayozuia kitu kushikana na chombo inavyofanya kazi, na namna ya kuichagua. Ya pili inatuhusu sisi watu wa lugha: kuonyesha kwamba neno moja la katalogi limefunika matatizo kadhaa yasiyofanana, ilhali Kiswahili kina vitenzi vinavyoyatenganisha. Anayechagua kitenzi vizuri amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Mafundi watatu wa barabara moja

Mpofi iko kwenye njia itokayo Masisi na Nyabiondo kuelekea Walikale, mahali ambapo milima ya malisho inaanza kuiachia nafasi misitu. Upande wa Masisi kuna ng'ombe na fromaji, ile ya mviringo inayopendwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Upande wa Walikale kuna mihogo, ndizi na mawese. Kwa hiyo, kwenye njia kama hii, kazi za maziwa na kazi za unga hukutana.

Tuwaze mafundi watatu wa njia hiyo. Wa kwanza anatengeneza fromaji, wa pili anaoka mikate, wa tatu ana mashini ya kusaga mihogo. Muuzaji akiwauliza kwa Kifaransa shida yao ni nini, wote watatu watasema ça colle, na wote watatu watauziwa kitu kimoja. Wakiulizwa kwa Kiswahili, majibu yanaachana. Wa maziwa atasema: "Maziwa yanagandia chini ya sufuria." Mwokaji atasema: "Donge linanata, mkate hautoki." Wa mashini atasema: "Unga unakwama, haushuki." Na mama anayewapikia bugali ataongeza la nne: "Chini kuna ukoko."

Tuvitazame vitenzi hivyo mmoja mmoja. Kunata ni sifa ya kitu chenyewe: asali hunata popote utakapoiweka, na donge la ngano vivyo hivyo. Kuganda ni kubadilika hali, kutoka umajimaji kwenda ugumu. Tena hapa fundi wa fromaji ana jambo la pekee: yeye anataka maziwa yagande, maana bila hivyo hakuna fromaji. Asichokitaka ni maziwa kugandia sufuriani. Kiambishi cha kutendea kimetenganisha faida na hasara kwa silabi moja. Kukwama hakuhitaji kitu kinachonata wala kinachoganda. Mahindi makavu hukwama, gari hukwama, maneno hukwama kooni. Hapo shida ni njia na umbo lake. Ukoko, kwa upande wake, ni jina la matokeo: chakula kilichokauka na kuungua mpaka kikawa sehemu ya chungu.

Kwa nini vitu hushikana

Dondosha tone la maji kwenye jani la gimbi. Tone linajikunja, linakuwa duara, linateleza na kuanguka, na jani linabaki kavu. Dondosha jingine kwenye sufuria ya chuma iliyosafishwa vizuri: linatandaa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa somo lote.

Uso wa kila kitu una nguvu fulani ya kuvuta vitu vinavyougusa. Wanafizikia huiita nishati ya uso, nao huipima kwa milinyutoni kwa mita. Maji yana takriban 72. Uso wa metali safi una nguvu kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana maji hutandaa juu yake. Plastiki iitwayo politetrafluoroethileni, ambayo kwa kifupi huandikwa PTFE na wengi tunaijua kwa jina la biashara Teflon, ina 18 hadi 20 tu. Maji yakiwekwa juu yake hujikunja kama kwenye jani la gimbi. Hata mafuta, ambayo hutandaa karibu kila mahali, hapo husitasita.

Hata hivyo nishati ya uso ni sababu moja tu. Sababu ya pili ni ukwaruzo. Uso unaoonekana laini kwa macho unaweza kuwa na mabonde madogo ambamo donge au maziwa huingia, hukauka na kujifunga kama mzizi kwenye mwamba. Sababu ya tatu ni joto, ambalo huigeuza protini na sukari ya chakula kuwa gundi. Mpako wenye nishati ndogo ya uso unatibu sababu ya kwanza vizuri, ya pili kwa kiasi, na ya tatu kwa shida.

PTFE iligunduliwa bila kutafutwa. Mnamo tarehe 6 Aprili 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, huko New Jersey, Marekani, alikuta gesi aliyoihifadhi kwenye mtungi imegeuka kuwa unga mweupe wenye utelezi, usiodhuriwa na karibu kemikali yoyote. Miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuubandika unga huo kwenye alumini, na mwaka 1956 kampuni ya Tefal ikaanzishwa. Tangu hapo sufuria nyeusi ya ndani imekuwa picha ambayo watu wengi huwa nayo akilini wanaposikia "haishiki". Viwandani, lakini, hiyo ni mipako mmoja tu kati ya mingi.

Maswali manne kabla ya kununua

Swali la kwanza ni joto. PTFE huvumilia kazi ya kudumu hadi nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Ndugu yake PFA huvumilia kiasi hichohicho, na FEP huishia karibu nyuzi 200. Silikoni nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 200 na 230. Mipako ya kauri huvumilia joto kubwa zaidi, hata kupita nyuzi 400, lakini uwezo wake wa kuachia chakula huisha mapema kuliko wa PTFE. Hapa lazima tukumbuke jiko letu. Katalogi imeandikwa kwa ajili ya oveni yenye kipimo cha joto. Makala yanayowaka vizuri hupita nyuzi 600, na sufuria tupu ikisahauliwa juu yake kwa dakika chache huvuka mpaka wowote uliotajwa hapa juu.

Swali la pili ni kitu kitakachogusa mpako. Je, ni kimajimaji, donge au unga? Je, kina chumvi au asidi? PTFE haijali asidi wala magadi, lakini mpako mwembamba una matundu madogo yasiyoonekana. Kupitia matundu hayo chumvi na asidi huifikia metali iliyo chini na kuila kimyakimya, mpaka siku mpako utakapobambuka kama ganda la yai. Mpako wa kawaida wa PTFE una unene wa mikroni 20 hadi 40, yaani mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Panapohitajika kinga ya kutu, huchaguliwa PFA, ambayo inaweza kupakwa kwa unene wa mikroni mia kadhaa.

Swali la tatu ni msuguano. PTFE ni laini. Kisu, kijiko cha chuma, mchanga na majivu huikwaruza. Kwetu sufuria husuguliwa kwa mchanga au majivu mpaka ing'ae, na huo ni usafi wa kusifiwa kwa sufuria ya alumini tupu. Kwa chombo chenye mpako ni hukumu ya kifo. Ukinunua mpako, umenunua pia tabia mpya ya kuosha, na lazima kila anayeosha aijue.

Swali la nne ni marejeo. Mpako wowote una umri. Ukiisha, nani ataupaka tena? Kupaka PTFE si kama kupaka rangi ukutani: chombo huoshwa mafuta yote, hupigwa chembe ngumu kwa upepo wa nguvu ili uso ukwaruzike, hupakwa tabaka la msingi kisha la juu, halafu huokwa kwenye oveni karibu nyuzi 370 hadi 400. Mahali ambapo barabara hukatwa na mvua leo na vita kesho, chombo kinachohitaji kusafirishwa mbali ili kirudishiwe uhai wake ni chombo ambacho siku moja kitabaki pembeni.

Kila fundi na jibu lake

Turudi sasa kwa mafundi wetu. Tuanze na anayesema maziwa yanagandia. Protini za maji ya maziwa huanza kulegea na kushikana kuanzia karibu nyuzi 70. Zikigusa ukuta wenye joto zaidi ya hapo, hutandika tabaka juu yake, na tabaka hilo huvuta jingine. Kumbe kutengeneza fromaji ya aina ya Masisi hakuhitaji joto hilo. Maziwa hutiwa kigandisho yakiwa karibu nyuzi 32. Hata kama fundi anayachemsha kwanza ili kuua vijidudu, nyuzi 63 kwa dakika 30 zinatosha. Kinachogandisha si joto la maziwa, ni joto la ukuta: sufuria imewekwa moja kwa moja juu ya moto.

Kwa hiyo dawa yake si mpako. Dawa ni sufuria ndani ya sufuria, yenye maji katikati. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo ukuta wa sufuria ya ndani hauwezi kupita hapo hata moto ukiwa mkali namna gani, na fundi akiuondoa moto mapema unabaki chini zaidi. Akikoroga bila kukoma, na sufuria ya ndani ikiwa ya inoksi laini, kitakachogandia ni kidogo na kitatoka kwa kuosha. Kuosha kwenyewe kuna utaratibu: magadi makali yaliyozimuliwa huyeyusha protini, kisha asidi hafifu huyeyusha madini ya maziwa. Tahadhari moja ni kubwa: magadi hayo hula alumini. Aliye na sufuria ya alumini asiyatumie kabisa. Na kwenye vibao na makopo ya kukamulia fromaji, plastiki ngumu ya chakula pamoja na kitambaa safi hutosha. Kitambaa hupitisha maji ya maziwa, na fromaji hubanduka bila kisu.

Anayesema donge linanata ndiye mteja halisi wa mpako. Makopo ya mikate huingia kwenye joto linalojulikana, kwa kawaida nyuzi 200 hadi 230, hutoka, hugeuzwa, na mkate unapaswa kuanguka wenyewe. Silikoni hutosha kwa mizunguko mia kadhaa ya kuoka; mipako ya jamii ya PTFE hufika zaidi ya elfu ikitunzwa. Lakini kabla ya hapo ipo njia ya zamani: kupaka makopo ya chuma mafuta membamba na kuyaoka matupu, mara kadhaa, mpaka mafuta yageuke ngozi nyeusi ngumu. Huo nao ni mpako, na ukiharibika mwokaji anaurudisha mwenyewe usiku huohuo. Mwenye oveni ya udongo isiyo na kipimo cha joto anafaidika na huu kuliko ule wa katalogi. Mwenye oveni ya umeme au gesi na mikate mamia kwa siku, huyo apige hesabu: mafuta anayookoa na mikate isiyochanika vinaweza kuilipa gharama.

Anayesema unga unakwama hahitaji PTFE wala silikoni. Unga wa mihogo usiokauka vizuri hujenga daraja ndani ya faneli, yaani chembe hushikana bega kwa bega juu ya tundu, na chini panabaki patupu. Kwanza mihogo ikaushwe zaidi. Pili mteremko wa faneli uongezwe. Tatu, bati lililokwaruzwa na kutu libadilishwe kwa inoksi laini au livalishwe ubao wa plastiki nzito inayoteleza, ambayo huvumilia msuguano wa unga. Mpako mwembamba wa sufuria ungelika hapo upesi, na vipande vyake vingeingia ndani ya chakula cha watu.

Na ukoko? Wengine huupenda, wakaugombania. Tusiutibu usioumwa.

Mpako usioshika hushikaje?

Sasa tugeukie istilahi. "Mpako usioshika" ni tafsiri iliyozoeleka, lakini ina mwanya. Usioshika nini? Chakula, au chombo? Mpako ambao haushiki chombo ni mpako mbovu, unaobambuka. Na hilo ndilo fumbo la kiufundi lenyewe: kitu kisichoshikwa na chochote kinashikaje kwenye metali? Jibu tumeliona kwenye swali la nne. Fundi huukwaruza uso wa metali ili tabaka la msingi lipate mabonde ya kujifunga. Yaani anatumia kukwama ili kuzuia kunata. Vitenzi viwili tulivyovitenga vinafanya kazi pamoja ndani ya mpako mmoja, kimoja chini, kingine juu.

Kiswahili kina silaha nyingine hapa, nayo ni mnyambuliko wa kutendua. Bandika, bandua. Ganda, gandua. Kwama, kwamua. Kila tatizo limezaa jina la kazi inayolitatua: mwosha sufuria anagandua, mwokaji anabandua, mwenye mashini anakwamua. Tukienda hatua moja zaidi tunapata kipimo cha ubora wa mpako. "Mkate ulibanduliwa" ina mtendaji, hata kama hakutajwa. Kuna mkono, na pengine kuna kisu. "Mkate ulibanduka" haina mkono. Mpako mzuri ni ule unaomhamisha mfanyakazi kutoka kauli ya kutendwa hadi kauli ya kutendeka. Siku anapolazimika kurudi kwenye kisu, mpako umekwisha, na kisu kitaumaliza kabisa.

Kwa hiyo tunapendekeza "mpako wa kuachia" kwa maana ya jumla, kwa kuwa mtendaji wake ni chombo: kopo linauachia mkate. Jina hilo halimwambii mnunuzi kwamba kila tatizo la kushikana litatibiwa. Kisha mtafsiri aongeze kitenzi cha kazi: mpako wa kuachia donge, sufuria isiyogandia maziwa, bati lisilokwamisha unga. Ni maneno marefu kidogo kuliko antiadhésif. Lakini karatasi ya bei yenye maneno hayo inamzuia muuzaji kuuza jibu moja kwa maswali matatu.

Onyo ambalo mtafsiri hana ruhusa ya kulifupisha

Sehemu ya onyo mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo, na mtafsiri aliyechoka huifupisha. PTFE ikipita nyuzi 350 huanza kuoza na kutoa moshi wenye sumu. Moshi huo huua upesi ndege wanaofugwa ndani, na humletea mtu homa na kifua kubana. Katika nyumba ambamo jiko la makala na kuku wako chumba kimoja, mstari huo una uzito kuliko kurasa zote za sifa.

Lipo pia suala la PFOA, kemikali iliyotumika zamani katika kutengeneza PTFE. Haiharibiki kirahisi ardhini wala mwilini. Mwaka 2019 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Watengenezaji wakubwa wameiacha. Chombo cha zamani au kisicho na jina la mtengenezaji hakina uhakika huo. Maneno "bila PFOA" kwenye karatasi ya bei hayana maana sawa na "bila PTFE", wala hayana maana ya "salama kwenye moto wowote". Mtafsiri anayeyachanganya amemdanganya mtu ambaye hana njia nyingine ya kujua.

Tunapojifunza mnyambuliko darasani, mifano yetu mara nyingi ni "piga, pigia, pigika". Ni mifano mizuri kwa mtihani. Lakini mwokaji na mwenye mashini huyatumia maumbo hayo kila siku kutambua ugonjwa wa vyombo vyao. Akija mmoja wao na karatasi ya Kifaransa mkononi akisema, "Nisomee hapa, wanasema nini?", swali la kwanza la kumrudishia si "chombo gani?" Ni "kinakunatia, kinakugandia, au kinakukwamia?" Baada ya hapo ndipo tufungue katalogi.